Majibu ya jioni ya semina yanapima nini?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni afisa mradi wa shirika dogo hapa Temeke. Tuliendesha semina ya siku moja Mbagala, vijana wakakutana na wenzao wenye ualbino, wakala na kuzungumza pamoja. Asubuhi walijaza dodoso, jioni wakajaza lilelile, na majibu yakawa mazuri zaidi. Mkurugenzi anataka ripoti ya mfadhili iseme tumepunguza unyanyapaa. Ushahidi huu unatosha?

JIBU: Hautoshi, dada.

Itazame hiyo jioni. Kijana ameshakula pilau yenu, anasubiri posho, na anayempa dodoso ndiye aliyekuwa akimfundisha tangu asubuhi. Unamuuliza, “Uko tayari kukaa siti moja ya daladala na mtu mwenye ualbino?” Unatarajia aseme hapana? Wapo walioguswa kweli, sikatai. Ila dodoso lenu haliwezi kuwatenganisha na wale waliojibu kwa adabu tu.

Mwaka 2021 mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck na wenzake walichapisha mapitio ya majaribio 418 ya kupunguza chuki na ubaguzi. Zaidi ya robo tatu yalikuwa ya afua, yaani hatua za kuleta mabadiliko, fupi fupi kama yenu. Na kadiri jaribio lilivyokuwa na watu wengi, ndivyo mabadiliko yaliyoonekana yalivyokuwa madogo. Mimi nikiona hivyo, nashuku kuna majaribio madogo mengi yaliyoshindwa ambayo yamebaki kabatini bila kuchapishwa.

Utafiti ninaopenda kuwaonyesha watu wa miradi ni wa Salma Mousa, Iraki, uliotoka 2020. Wachezaji wa mpira Wakristo, waliokuwa wamefurushwa na wapiganaji wa ISIS, walipangwa kwa kura: timu nyingine zikaongezewa Wakristo, nyingine Waislamu. Mousa hakuishia kwenye maswali. Aliangalia nani anajiandikisha timu ya mchanganyiko msimu unaofuata, na nani bado anafanya mazoezi na Waislamu miezi sita baadaye. Uwanjani mabadiliko yalionekana. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, hayakuonekana sana. Kumpenda mwenzako wa timu ni jambo moja, kuwapenda watu wa kundi lake wote ni jingine.

Dodoso linaweza pia kukunyima sifa unayostahili. Kaduna, Nigeria, Alexandra Scacco na Shana Warren waliwachanganya vijana Wakristo na Waislamu kwenye mafunzo ya kompyuta ya wiki 16. Mitazamo yao haikubadilika, lakini kwa matendo, waliosoma darasa la mchanganyiko walibagua kidogo kuliko waliosoma na wa dini yao tu.

Kama mna awamu ya pili, chezesheni kura ya nani aanze. Wengine wapate semina baadaye, hakuna anayedhulumiwa. Kura iwe ya mitaa, si ya mtu mmoja mmoja, maana vijana wa kijiwe kimoja watasimuliana yote kabla jua halijazama. Hapa wengi hukosea: wanachukua mitaa miwili, mmoja unapata semina, mwingine haupati, wanaita huo ulinganisho. Mitaa miwili inatofautiana kwa mambo chungu nzima hata bila nyie. Tafuteni kumi na kuendelea. Ishirini ni bora.

Rudini baada ya miezi mitatu, mitaa yote. Anayehoji asitoke kwenu, wala asivae fulana ya mradi. Kisha andaeni bonanza, kila kijana achague mwenyewe timu ya kujiandikisha, huku ikijulikana zipi zina wachezaji wenye ualbino. Hesabuni majina.

Kwa ripoti ya sasa, andika kwamba majibu ya washiriki yalibadilika siku hiyohiyo, uishie hapo. Mkurugenzi akilalamika, mwambie mfadhili mwenye mtakwimu atauliza haya haya.

Dodoso za asubuhi usizitupe. Swali ambalo karibu wote walilijibu vizuri kabla hata ya semina kuanza, liondoe. Halitakupimia chochote awamu ijayo.