Shangazi, wenyeji wakinialika rameni nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum, Shangazi. Mwezi ujao naenda Fukuoka, Japani, kwa mafunzo ya ufundi mitambo. Aliyenitangulia kaniambia wenyeji humpeleka mgeni kula rameni, zile tambi za supu, jioni ya kwanza. Mimi ni Mwislamu. Je, nikiagiza bila nyama inatosha? Na ni kweli watu huko hufyonza tambi kwa sauti? Sipendi kuwavunjia heshima.
Msomaji, Tanga

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Haitoshi, na hili ulishike kabla hujapanda ndege. Nguruwe wa rameni yumo ndani ya supu. Vile vipande vya nyama vinavyolazwa juu ni nyongeza tu. Fukuoka ndiko nyumbani kwa rameni ya Hakata, jina la eneo la mji huo. Supu yake, tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe iliyotokoswa saa nyingi kwa moto mkali mpaka ikawa nyeupe kama tui zito. Niliishi mji huo mume wangu alipokuwa akisoma, na harufu yake ilikuwa ikitupokea tukiwa bado barabarani. Mpishi akikutolea nyama, supu ni ileile.

Wala usiamini macho. Iko supu ya kuku, tori paitan, nayo ni nyeupe vilevile. Ile ya shoyu, yaani mchuzi wa soya, ya kahawia na nyepesi, huonekana haina neno, kumbe mara nyingi kuku na nguruwe wamechemshwa sufuria moja. Gyoza, vile vifuko vya unga vyenye kijazo vinavyoletwa pembeni, nazo kwa kawaida zina nguruwe wa kusaga. Basi uliza hivi: “Sūpu ni buta ga haitte imasu ka?” Yaani, supu ina nguruwe? Kisha uulize habari ya pombe, maana sake, pombe ya mchele, na mirini, pombe tamu ya kupikia, hutiwa sana kwenye kile kikolezo kinachotangulia bakulini. Migahawa mingi ina mashine ya tiketi mlangoni: unalipa, unabonyeza, unampa mpishi karatasi. Herufi 豚 ni nguruwe, lakini tonkotsu huandikwa pia とんこつ. Zikariri zote mbili.

Wenyeji wako waambie mapema, msingoje mpaka mmeshakaa kaunta. Kwa nilivyowaona, kinachowaumiza ni mgeni kuacha bakuli limejaa. Waombe mwende kula udon: tambi nene za ngano katika supu ya samaki wakavu na mwani. Fukuoka wanaipenda sana yenye goboten, mizizi ya gobo iliyokaangwa, na mimi hiyo ndiyo niliyoizoea kuliko chakula chochote cha huko. Mirini uiulizie hata hapo.

Rameni yenyewe usiikatie tamaa. Ukifika Tokyo, mtaa wa Asakusa, watafute Naritaya, wanapika rameni halali ya kuku. Na hapo hapo Fukuoka, upande wa Hakozaki, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2009. Ukishaswali Ijumaa, waulize ndugu zako mahali pa kula. Migahawa hufunguliwa na kufungwa, na wao ndio wenye habari mpya.

Kuhusu sauti, fyonza bila wasiwasi. Supu ni ya moto sana, na ile hewa unayoivuta hupoza tambi na kupandisha harufu puani. Tambi za mtindo wa Hakata ni nyembamba, hulainika upesi, ndiyo maana wenyewe huziagiza ngumu kwa bakuli dogo, kisha huomba kaedama: fungu jingine la tambi, litiwe kwenye supu iliyobaki. Kwa hiyo ukipata bakuli la halali la mtindo huo, supu usiinywe yote mwanzoni.

Vijiti usivichomeke vikasimama kwenye chakula. Hivyo hufanywa kwa wali anaowekewa marehemu. Bakshishi usiache, watakukimbilia nje wakurudishie. Na ukimaliza kula, sema “gochisōsama”, yaani asante kwa chakula, unyanyuke. Mazungumzo mtayamalizia nje, kuna watu kwenye foleni wanangojea kiti chako.