Maswali yenu kuhusu tai chi: chi, hasira na machozi

Maswali mengi ya wiki hii kuhusu tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, yamegusa nguvu ya ndani na hisia, so nayajibu haya kwanza, ya viatu na nguo yatasubiri.

Mi ni Muislamu wa Mbagala. Hiyo chi mnayoitaja kila saa ni majini au? Sitaki kuharibu imani yangu.

Hapana ndugu yangu, hakuna anayeitwa pale. Wachina wa zamani walisema chi ni ile nguvu ya uhai inayotembea mwilini pamoja na pumzi na damu. Kwenye tai chi unaiona kwenye mwendo: maandishi yao ya kale yanasema mzizi uko kwenye nyayo, nguvu inatokea miguuni, kiuno kinaiongoza, inamalizikia vidoleni. Sukuma ukuta kwa mabega tu, halafu sukuma kuanzia unyayo, utaisikia tofauti bila kubadili imani yako hata kidogo. Ila mwalimu akikwambia atakuangusha bila kukugusa, mkimbie.

Nafika nyumbani Kimara saa mbili usiku, foleni imenimaliza, nina hasira na kila mtu. Nifanye hivohivo au nisubiri zipoe?

Fanya hivohivo kaka, ila usianze na fomu, yaani ile miondoko yetu inayofuatana kwa mpangilio. Hasira inapanda juu, hata vitabu vya kale vya tiba ya Kichina vinasema inapandisha chi, na we jicheki tu ukiwa umekasirika: mabega yapo masikioni, meno yamebana, pumzi imegandia kifuani, sasa ukianza fomu na hali hiyo utakimbizana nayo utamaliza umechoka na hasira yako ipo palepale. Simama kwanza. Miguu upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, akili yako ipeleke chini ya kitovu, kama vidole vitatu hivi, vuta pumzi kwa pua halafu itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Dakika tano zinatosha. Usijilazimishe kumsamehe mtu, wala usijiambie huna hasira wakati unayo, tafuta tu imekaa wapi mwilini halafu legeza hapo. Ukitoa pumzi polepole mapigo ya moyo nayo yanapungua, ndo mwili ulivyo.

Halafu anza fomu. Yang Chengfu, mwalimu mkubwa aliyefariki 1936, kwenye kanuni zake kumi kuna hii: tumia nia, usitumie mabavu. Wengi wanaichukulia kama kanuni ya mikono tu, mi naona ni ya moyo pia, maana mtu mwenye hasira anatumia mabavu hata kuinua mkono mtupu.

Nikifika kwenye mikono ya mawingu, ule mwondoko wa kuzungusha mikono taratibu, machozi yananitoka. Nimefiwa na mama mwaka huu. Mwenzangu anasema chi yangu imekaa vibaya.

Pole sana dada, Mungu ampumzishe mama. Mwenzako asikutishe, hakuna kilichoharibika. Msibani ulikuwa unapokea watu, unapika, unapanga michango, mwili ukajikaza usianguke, sasa umepata sehemu ya kwenda polepole na kimya ndo majonzi yanajitokeza. Yaache yatoke na mwendo uendelee, magoti laini, kiuno kizunguke. Usiyazuie, usiyachochee. Ukikosa pumzi kaa chini, fomu haikimbii. Ila kama ni kila siku, huli, hulali, waone watu wa afya ya akili hospitali, Muhimbili wapo, hilo mazoezi peke yake hayalibebi.

Vidole vinapata joto na kuchezacheza. Ndo chi hiyo?

Mikono ikilegea damu inapita vizuri, joto linakuja. Furahi halafu endelea, ukianza kulitafuta utakaza tena. Ikiwa ganzi ya upande mmoja, nenda kwa daktari.

Mama mkwe ana miaka 70, haamini mambo ya chi ila anataka kuja nasi Coco Beach. Itamsaidia?

Aje! Aamini asiamini, magoti yake yatafanya kazi ileile. Kuna utafiti wa Oregon, Marekani, ulitoka 2012, wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukaza mwili, waliofanya tai chi balansi yao ilikuwa nzuri zaidi na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Yeye asifanyie mchangani, unateleza, atafutiwe sehemu ngumu tambarare na kiti pembeni cha kushika. Mje mapema, saa mbili jua linakuwa limeshakuwa kali.