Fyuzi ya stata iliyokuwa ikikatika kila nikienda Ngomeni

Ya kwanza ilikatika Ngomeni kwenyewe, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, saa sita mchana, makasha manne ya kamba wabichi yako nyuma ya pikapu yangu na barafu imeshaanza kutoa maji. Nilipiga stata, ile mota ya kuwashia injini; injini ikazunguka nusu, "nguu", halafu kimya. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia, redio inaimba. Stata hakuna. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu kivulini wakaja wakanisukuma. Dizeli ya zamani ina uungwana huo: ikishasukumwa ikakamata gia ya pili inajiendea, haina haja na stata wala fyuzi yake mpaka utakapoizima. Sikuizima mpaka Malindi.

Utingo wangu alinicheka njia nzima. "Bosi, hapa Wataliano walirusha setilaiti. Sisi pikapu imetushinda." Na hakusema uongo. Setilaiti iliyoitwa Uhuru iliruka kutoka majukwaa ya Wataliano yaliyosimama baharini, mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, nami nimesimama nchi kavu pale pale naomba msukumo.

Ikaendelea hivyo karibu miezi mitatu. Naandika haya kwa sababu nimeona wenzangu wawili sasa, mmoja wa Mambrui na mmoja wa Watamu, wanapita njia ile ile niliyopita mimi, na njia hiyo ina gharama.

Nilianza kwa kununua fyuzi. Yangu ni ile bapa ya kijani, ampea 30, imekaa kwenye boksi ndani ya boneti. Bei yake haizidi chai na chapati, na hapo ndipo mtu anapojidanganya: kitu cha bei ndogo hakikushtui, unakibadilisha tu. Nilikuwa na kikombe kizima cha fyuzi kwenye dashibodi. Mpaka siku moja fundi wa kando ya barabara akanichomekea ya ampea 40, ya rangi ya chungwa. "Hii haikatiki, yakhe." Kweli, siku mbili haikukatika. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki chini ya dashibodi, nikasimamisha gari nikaing'oa kwa mkono wangu. Fyuzi imewekwa iwe kitu dhaifu kuliko vyote njiani. Ukiifanya ngumu, udhaifu unahamia kwenye waya, na waya hauungui peke yake, unaungua pamoja na wenzake waliofungwa kwenye teipu moja. Wale wanaotia karatasi ya sigara au uzi wa shaba mahali pa fyuzi sina la kuwaambia.

Kisha nikaingia kwenye stata. Ikashushwa, ikatiwa kaboni mpya na bati mpya za shaba ndani ya solenoidi, swichi ya sumaku inayoiwasha stata, nikalipa pesa ya safari mbili. Wiki mbili raha mustarehe. Wiki ya tatu, "nguu", kimya.

Baada ya hapo kila mtu akawa na jibu moja: chumvi. Ukikaa Malindi ukapeleka gari Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, hakuna ubovu usiosingiziwa chumvi. Nikaosha plagi za nyaya kwa maji baridi, nikazikausha, nikazipaka grisi. Kazi nzuri hiyo, ifanye hata gari likiwa zima. Lakini haikunisaidia, na leo najua kwa nini haingenisaidia. Chumvi inakula shaba mpaka inaota ukungu wa kijani, na ukungu ule unauzuia umeme. Gari la namna hiyo husema "tk, tk", stata inazunguka kivivu, taa zinafifia. Umeme umepungua. Fyuzi yangu ilikuwa inakatika kwa umeme uliozidi. Haya ni maradhi mawili tofauti, nami nilikuwa natibu moja kwa dawa ya jingine.

Aliyenifungua macho ni ami yangu, mzee aliyetengeneza mashine za boti maisha yake yote. Sikumwita aje kutazama gari, nilikwenda kumsalimia tu. Nikamweleza. Akaniuliza, "Inakatika lini?"

"Nikipiga stata, ami."

"Hilo nimelisikia. Kabla haijasema tk, ikishasema tk, au ikishaanza kuzunguka?"

Nikabaki mdomo wazi. Miezi mitatu na sikuwahi kujiuliza.

Swali lile lina maana kubwa, na ili uione lazima ujue kidogo umeme unapita wapi. Umeme mkubwa wa stata, ule wa mamia ya ampea, haupiti kwenye fyuzi hii kabisa. Unatoka betri kwa waya mnene, moja kwa moja. Fyuzi inalinda ile njia ndogo: kutoka boksi, kupitia swichi ya ufunguo na relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), kisha kwa waya mmoja mwembamba kuteremka mpaka solenoidi, lile kopo dogo lililobebwa mgongoni na stata. Kwa hivyo usikubali kuambiwa "stata nzito inakata fyuzi" bila maelezo. Kwenye pikapu nyingi za aina hii, uzito wa stata haupiti njia hiyo.

Ndani ya kopo kuna koili mbili, yaani nyaya zilizoviringwa. Moja ni ya kuvuta, nayo ni mlafi. Ya pili ni ya kushikilia, inakula kidogo. Ukizungusha ufunguo zote mbili zinakula pamoja, chuma cha katikati kinavutwa, kinagonga bati za shaba, na hiyo ndiyo "tk" unayoisikia. Bati zikishagusana vizuri, ncha mbili za koili ya kuvuta zinapata volti zilezile, kwa hivyo umeme hauna pa kwenda, koili inalala. Inabaki ya kushikilia peke yake. Maana yake ni kwamba waya mwembamba unabeba mzigo mkubwa mwanzo tu, kwa kufumba na kufumbua. Stata ikishazunguka, waya unapumzika.

Sasa rudi kwenye swali la ami. Fyuzi ikikatika papo hapo, hata tk hujaisikia, shaka ya kwanza ni waya ulioshika bodi ya gari, au koili iliyoungua ndani. Ikisema tk, stata isizunguke, nawe umeshikilia ufunguo mpaka ikakatika, tazama bati za shaba zilizolika au betri iliyochoka: chuma kimevutwa lakini bati hazikugusana sawasawa, basi koili ile mlafi inaendelea kula bila kulala. Yangu ilikuwa inazunguka kwanza, ndipo inakatika. Yaani inakatika wakati solenoidi iko kwenye raha yake. Ami akasema, "Mwanangu, wewe umetengeneza stata isiyoumwa. Kuna kitu kinatembea."

Nikaanza kuandika kwenye daftari la mauzo ya samaki, pembeni: tarehe, nilikotoka, mzigo. Baada ya wiki nne nilikuwa na mara sita. Ngomeni, Ngomeni, Marereni, Ngomeni, Ngomeni, na moja Malindi mjini asubuhi ya baada ya Ngomeni. Siku nilizokwenda Kilifi au Watamu, hata moja. Ungeniona ungesema ndiyo hiyo chumvi yenyewe. Lakini barabara ya Kilifi ni lami, na ile ya kuingia Ngomeni inakutikisa mpaka meno. Kilichokuwa kinatofautisha safari zangu ni mitikiso.

Dalili nyingine nilikuwa nayo kiganjani siku zote nikaitupa: fyuzi zenyewe. Usitupe fyuzi iliyokatika, iinue juani uitazame. Ile iliyozidiwa polepole, ukanda wake unayeyuka katikati na plastiki inabaki safi. Iliyopigwa na shoti kali, ukanda unalipuka, na ndani ya plastiki kunabaki masizi au chembe zinazong'aa. Zangu mbili nilizoziokota chini ya kiti zilikuwa nyeusi tii.

Basi nikachukua balbu ya indiketa, ya wati 21, nikaiunganisha nyaya mbili na kuzichomeka mahali pa fyuzi. Balbu inakuwa fyuzi isiyokatika: penye shoti inawaka kwa nguvu zote, na haipitishi ampea mbili, kwa hivyo haiunguzi kitu. Lakini kuna mtego hapa, nami niliingia. Kama waya mwembamba bado uko kwenye solenoidi, balbu itawaka hata kama gari halina kosa, maana koili zile ukinzani wake ni mdogo mno. Mita ya kupimia umeme nayo inadanganya vilevile. Ukiiweka kwenye kengele inalia "shoti" ilhali inapima koili nzima isiyo na kosa. Ndivyo fundi wangu alivyoishusha stata. Ng'oa kwanza kile kiplagi chembamba kwenye solenoidi, ukifunike kisiguse chuma, ndipo upime.

Toa gia, vuta breki ya mkono, tia jiwe kwenye tairi. Na usipeleke spana karibu na ule waya mnene kabla ya kufungua negativu ya betri. Ule hauna fyuzi wa kumwomba msamaha. Spana ikigusa waya na bodi kwa pamoja itachomelewa hapo hapo.

Utingo akashikilia ufunguo kwenye kuwasha, mimi niko boneti. Balbu imezima. Ingekuwa imewaka, kosa lingekuwa wazi. Nikatikisa nyaya kuanzia ukuta wa injini nikishuka, hola. Nikakumbuka neno la ami, kuna kitu kinatembea. Nikachukua kipande cha boriti ya mkoko, nikakiingiza kati ya chesisi na injini, nikaegemea. Injini ikainama zaidi ya ilivyostahili na balbu ikapiga mwanga. Nikaachia, ikazima. Nikaegemea tena, mwanga. Utingo akapiga kelele kana kwamba Malindi imefunga bao.

Nikapenya chini ya gari na tochi. Chini ya giaboksi, kibano kinachoshika bomba la klachi kina ukingo mkali, na waya ule mwembamba ulikuwa umeegemea pale. Kishikizo chake cha plastiki kilikuwa kimekatika zamani. Ganda limelika kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Na shaba iliyokuwa ndani haikuwa na kijani hata chembe. Inang'aa kama bangili mpya, ina madoa mawili matatu meusi ya cheche. Gari zima lina kutu ya pwani, na hapo tu shaba inang'aa, kwa sababu kila siku ilikuwa inasuguliwa.

Hadithi ikajipanga yenyewe. Mpira wa mauntingi, kile kiungo kinachoishika injini kwenye chesisi, ulikuwa umepasuka upande ule. Kila nikipiga stata injini inajipinda, ule mpigo wa kwanza wa dizeli unaitupa pembeni, na waya unabusu kibano. Barabara mbovu ilikuwa inauteremsha waya mpaka pale, na lami inauacha ulipo. Zile wiki mbili za raha baada ya stata kutengenezwa? Fundi aliporudisha waya aliupitisha juu kidogo, barabara ikaushusha tena. Nilikuwa nimelipia bati za shaba, nikaponywa kwa muda na mkono uliopitisha waya.

Matengenezo yalikuwa madogo. Sikufunga teipu, maana teipu kwenye joto na mafuta inaachia kabla ya mwezi. Nilikata sehemu iliyolika, nikalehemu kipande kipya cha unene uleule, nikavika mpira unaobana kwa joto, kisha paipu ya plastiki yenye mikunjo, nikaushika kwa kishikizo chenye mpira. Nikauachia ulegevu kidogo, kwa sababu injini lazima itikisike na waya uliokazwa utakatika siku moja. Mauntingi ndiyo iliyokula pesa, na ni mahali watu wanapopunguza gharama: waya umepatikana, mpira wa nini tena? Mwambie mtu apige stata, wewe simama pembeni utazame injini. Ikiruka kama mbuzi aliyeona kisu, badilisha.

Kama daftari lako litasema mambo mengine, kwa mfano inakatika siku za mvua, fungua relei na boksi la fyuzi utazame maji. Na kama gari limewahi kutiwa alamu ya kuzuia wizi, anza hapo kabla ya mahali pengine popote, maana wafungaji wanapenda kukata waya huo huo wa stata na kuuunganisha kwa kusokota na vidole.

Fyuzi ya kijani niliyochomeka jioni ile ndiyo iliyomo mpaka leo, na Ngomeni naenda mara tatu kwa wiki. Kikombe kimerudi jikoni.