Mtaji unaliwa: je, mkopo ndio dawa?

SWALI: Mhariri, ninashona nguo nyumbani kwangu, na huu ni mwaka wa tatu. Wateja sikosi, na wapo wanaonisubiri hata wiki mbili. Pamoja na hayo, kila mwisho wa mwezi hujikuta sina fedha za kununulia vitambaa, ikanibidi nikope kwa jirani. Ndugu zangu wananisihi nichukue mkopo mkubwa ili nipanue kazi na kuondokana na umaskini. Je, nifuate ushauri wao?

JIBU: Dada yangu, mkopo huo usiuchukue kwa sasa. Fundi anayesubiriwa wiki mbili hakukosa soko, wala si mvivu. Kinachokutesa ni kwamba mtaji wako unaliwa pamoja na faida, na mtaji unaoliwa ukiongezwa utaliwa vilevile, safari hii ukiwa na riba juu yake.

Hebu tutazame nguo moja. Tuseme bei yake ni sehemu 100, na kitambaa, uzi, zipu na vifungo vimechukua 60. Mteja akikulipa unashika zote 100, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu fedha haina alama ya kuonyesha ipi ni ya kitambaa kijacho na ipi ni ya jasho lako. Ukitoa umeme, nauli ya kufuata vitambaa na akiba ya kutengenezea mashine, huenda zikabaki 25. Hizo ndizo zako. Mtoto akiugua jioni ile ile utachota 50, na bila kujua utakuwa umekula 25 za nguo ambayo hujaianza. Sikulaumu hata kidogo, maana hakuna mzazi atakayehesabu faida mtoto akiwa na homa. Nasema tu kwamba hapo ndipo kitambaa cha mwisho wa mwezi kinapopotelea.

Kwa hiyo anza na daftari, uandike kila kinachoingia na kinachotoka, hata sindano. Tenga pochi mbili, ya kazi na ya nyumbani, kisha ujipangie ujira wa wiki unaotoka kwenye faida peke yake, hata ukiwa mdogo kiasi cha kukuumiza mwanzoni. Zaidi ya yote, dai arbuni. Mtu aliye tayari kukungoja wiki mbili yuko tayari pia kutanguliza gharama ya kitambaa, na huo ni mtaji usio na riba ambao umekuwa ukiuacha mlangoni kwa miaka mitatu.

Najua mikopo midogo imesifiwa sana, na si bure. Mwaka 1976, mchumi Muhammad Yunus wa Bangladesh aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 tu. Miongoni mwao walikuwamo watengenezaji wa vigoda vya mianzi, ambao walikuwa wakipewa mianzi kwa mkopo na wafanyabiashara, kisha wakalazimika kuwauzia wao hao vigoda kwa bei ya kupangiwa. Kwao mkopo ulikata kamba iliyowafunga. Lakini tafiti za nchi sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, zikiwamo India, Mexico na Ethiopia, zilionyesha kuwa mikopo ya aina hiyo, kwa wastani, haikuinua kipato cha kaya kwa kiasi kikubwa. Kamba yako wewe haiko kwa mfanyabiashara. Iko kwenye pochi moja inayolisha kazi na nyumba.

Kwa dharura kama ugonjwa, jiunge na kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wanafahamiana na riba hubaki kwao wenyewe.

Daftari likikuonyesha miezi mitatu mfululizo kwamba faida inabaki, na kwamba kinachokuzuia ni kukosa mashine ya pili, hapo mkopo utakuwa na kazi maalumu. Nenda nalo daftari hilo. Usiulize riba ya mwezi peke yake, bali jumla yote utakayorejesha pamoja na ada, na pia tarehe ya rejesho la kwanza, kwa maana mikopo mingi midogo huanza kudaiwa baada ya wiki chache, kabla mashine mpya haijaingiza chochote.