Maganda ya ndizi hayana kazi dampo

Wiki hii maswali ya taka yamekuwa mengi, nimechukua manne najibu hapa hapa.

Dada wa Pasua, Moshi: "Hela ya taka nalipa kila mwezi, sasa kwa nini tena niambiwe nitenganishe?"

Dada, hela yako inalipa gari, dizeli na vijana wa kubeba. Hebu chungulia ndoo yako ya jana, kuna maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya chai, mchicha ulionyauka, yaani zaidi ya nusu ni chakula na majani na vyote vimejaa maji, kwa hiyo mji unachoma dizeli kusafirisha maji. Alafu ukishachanganya, boksi linalowa halinunuliki tena, chupa inanuka, muokotaji anaipita. Ndoo mbili tu zinatosha, mbichi kwake, kavu kwake. Na kama gari likija linachanganya tena yote, semeni kwenye mkutano wa mtaa, msinyamaze, manake mmelipa.

Mzee wa Kibosho: "Huku kwetu hatuna hiyo shida, nyie mjini mnahangaika na nini?"

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na hilo ndo ningependa watu wa mipango waje wajifunze kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani kwa Mchaga. Mgomba ukikatwa shina anakatiwa ng'ombe, samadi inarudi kwenye mgomba, majani makavu yanatandazwa chini, hakuna kinachotupwa. Ila mzee mkungu ukishashuka sokoni ule mzunguko umekatika. Nilisimama soko la Kiboriloni, Moshi, jioni moja watu wanafunga biashara, vikonyo vya mikungu na majani ya kufungia vimelundikana mpaka magotini, na hapo hapo pikapu iliyoleta ndizi inapanda mlimani tupu! Rutuba ya kihamba imebaki mjini inaoza. Mimi naona Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi wakae meza moja, watenge eneo la kuozesha mabaki yawe mboji karibu na soko, magari yanayorudi tupu yapande na mboji, manake mpaka wa halmashauri upo kwenye karatasi, ndizi haiujui. Na kutumia mabaki sio ndoto, TPC, kiwanda cha sukari kule Arusha Chini, wanachoma makapi ya miwa iliyokamuliwa wanapata mvuke na umeme wa kiwanda.

Kijana wa Ngarenaro, Arusha: "Si tuna dampo la kisasa Muriet, tupunguze taka za nini?"

Kaka, hata la kisasa ni shimo na shimo linajaa. Sensa ya 2012 jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442, ya 2022 wakawa 617,631, sasa piga hesabu za ndoo. Likijaa litatafutwa eneo jingine, na ujue hakuna kijiji kinachoshangilia kuletewa dampo. Pia mabaki ya chakula yakifukiwa bila hewa yanatoa methane, gesi inayoshika moto na kuongeza joto duniani, na yanachuja maji machafu ambayo yasipozuiwa yanazama mpaka kwenye maji ya visima. Kwa hiyo mabaki ya Soko la Kilombero hapo jijini yakiishia kwenye mboji, Muriet inaishi miaka mingi zaidi.

Mama wa Njiro: "Nina kaeneo kadogo, mboji nitaiweza?"

Utaiweza mama. Tafuta kona yenye kivuli, weka vijiti chini hewa ipite, kisha maganda mabichi kidogo, juu yake majani makavu mengi zaidi, unapanga hivyo hivyo. Nyama na mafuta usiweke, utaita panya. Geuza kila wiki. Ikinuka ujue imezidi maji au ubichi, ongeza makavu, ikikauka nyunyizia. Kipimo changu ni mkono, chukua konzi ufinye, zikitoka tone moja mbili hapo iko sawa, na ndani ya miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi inanukia kama udongo wa mvua, basi mwagia sukuma wiki zako.