Jibu: Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kuishia kupanga mafaili

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini wanafunzi wanaokuja kwenye tawi lenu kwa mafunzo kwa vitendo huondoka wakiwa wamejua kupanga mafaili na kutoa nakala tu, huku benki nayo ikibaki vilevile.

Kabla ya kuwalaumu wasimamizi, angalia kwanza mfumo wa kompyuta unamruhusu mwanafunzi kufanya nini. Muamala wa benki huingizwa na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine, na kwa kawaida mwanafunzi hapewi nywila ya upande wowote. Ndiyo maana hurudishwa kwenye mafaili. Nilipokuwa msimamizi, nilimkalisha mwanafunzi mmoja kando ya karani wa kulinganisha hesabu, nikampa orodha ya miamala iliyokwama kwenye akaunti ya muda (pale fedha zinaposubiri hadi ijulikane ziende wapi), majina ya wateja yakiwa yamefutwa, aeleze kwa maandishi kila mmoja ulikwama wapi. Siku ya nne aliuliza kwa nini fomu ya kufungulia akaunti inajazwa anwani mara mbili. Hakuna aliyekuwa na jibu, maana sisi tulishaizoea.

Maswali ya namna hiyo ndiyo faida ya benki, lakini hupotea yasipoandikwa. Tenga nusu saa kila Ijumaa, mwanafunzi asome daftari lake mbele ya mkuu wa kitengo, na hoja inayokubaliwa iingizwe kwenye mwongozo wa kazi. Kiapo cha kutunza siri za wateja ni lazima akisaini siku ya kwanza. Nimewahi kuona kikikumbukwa wiki ya tatu.