Nani Afundishe Uokoaji Ziwani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, Mwanza. Mtumbwi ukizama au banda likishika moto, wanaowahi ni wavuvi na wapagazi ambao hawakufundishwa lolote. Je, kisheria ni wajibu wa nani kutoa mafunzo na kuunda vikosi vya uokoaji majini?

JIBU: Ndugu msomaji, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007, ndiyo iliyoweka msingi wa kuvitoa vikosi vya zimamoto mikononi mwa halmashauri na kuviweka katika jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo kufundisha askari, kuandaa wazamiaji na kuelimisha wananchi ni kazi ya jeshi hilo. Chuo chake kipo Chogo, wilayani Handeni.

Umuhimu wa utaalamu huo sisi wa kanda hii tunaujua kwa uchungu. Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, watu walikuwa bado hai ndani yake, lakini bamba la chuma lilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiifanya meli ielee ilitoka, nayo ikazama. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai baada ya siku mbili.

Hata hivyo, kikosi bora hakiwezi kuwepo katika kila mwalo. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Kwa maoni yangu, watu hao wanastahili mafunzo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msisubiri kufuatwa. Uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, uandike barua kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa, na nakala iende kwa kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, ambayo inatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Elezeni mazingira yenu bila kuficha, hasa madumu ya petroli yanayowekwa kando ya magunia ya dagaa, na ombeni mfundishwe kwa vitendo: kumpa huduma ya kwanza aliyekunywa maji, na kuzima petroli kwa mchanga mkavu, kwa kuwa maji huutawanya moto wake. Namba ya dharura ya jeshi ni 114. Ibandikeni pale mwaloni.